Mazoezi ya chumbani yanahesabika, au najidanganya? (Niko Mwanga, Kigoma)

FundiWaMwanga:

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za jioni.

Mimi ni fundi cherehani, mama wa miaka 44, kibanda changu kiko karibu na soko la Mwanga hapa Kigoma. Mwezi uliopita nilimsindikiza mama mkwe kliniki. Siku hiyo foleni haikuwepo, nikasema acha na mimi nipimwe. Presha ikasoma 152 kwa 96. Wakaniita tena siku mbili tofauti, ikashuka kidogo tu. Daktari akasema dawa tusubiri, ananipa miezi mitatu: nipunguze chumvi, nipunguze mwili, nifanye mazoezi. "Hata kukimbia kidogo asubuhi," akasema, akaita mgonjwa mwingine.

Sasa nikimbilie wapi? Wanaoijua Mwanga wanajua, ukitoka nje unateremka kuelekea stesheni na ziwani. Kuteremka si kazi, kazi ni kurudi. Halafu huku kwetu magharibi jua linachelewa. Wenzetu wa Dar saa kumi na mbili na nusu kumeshapambazuka, sisi bado tunapapasa. Nikisubiri kupambazuke, ndiyo saa ya kuandaa watoto wa shule, kisha wateja.

Nilijaribu siku moja. Nikafunga kanga juu ya dera, nikavaa raba za binti yangu, nikatoka. Sijafika mbali, kijana wa bodaboda akapunguza mwendo, akaniuliza kwa huruma kabisa, "Mama, kuna msiba? Panda nikuwahishe." Nikapanda. Nilirudi nyumbani kwa bodaboda, na nauli nikalipa.

Mpwa wangu aliyeko Dar ananitumia video za jimu, wanawake wamebana nguo, mashine zinang'aa. Mimi nina chumba na sebule, na uani tunachangia wapangaji watatu. Kwa hiyo nauliza mawili. Moja, mtu akijifungia ndani akarukaruka, hayo ni mazoezi ya kweli au ya kujifariji? Pili, na msinicheke: kukanyaga cherehani kuanzia saa mbili asubuhi mpaka jioni, siyo mazoezi? Maana miguu yangu haitulii.

ViungoUjiji:

Dada fundi, pole, na hongera kwa kupimwa. Wengi presha wanaijua siku wanaanguka. Mimi kazi yangu ni mazoezi tiba, na Ujiji hapa huu ni mwaka wangu wa tisa.

Nianze na cherehani, kwa sababu swali hilo si la kuchekwa hata kidogo. Ukikanyaga, kinachofanya kazi ni kifundo na shavu la mguu. Mapaja, kiuno na mgongo vimekaa tu. Kipimo rahisi ni wimbo. Ukiweza kuimba huku unafanya, hiyo ni kazi nyepesi. Ukiweza kuongea lakini wimbo unakatika katikati, umefika kwenye mazoezi ya wastani. Ukishindwa kumaliza sentensi, hayo ni mazito. Sasa nikuulize wewe: unaposhona huimbi? Mafundi wote ninaowajua wanamaliza kitabu kizima cha nyimbo za kwaya kabla sare ya shule haijapata vifungo. Jibu unalo.

Swali la kwanza: ndiyo, yanahesabika. Moyo haujui kama uko uwanjani au nyuma ya pazia la chumba chako. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au 75 hadi 150 za mazoezi mazito, na siku 2 au zaidi za kukaza misuli. Na hapa nisikilize vizuri. Zamani walikuwa wanasema kipande kisipungue dakika 10 mfululizo, ndipo kihesabiwe. Mwongozo wa 2020 uliliondoa sharti hilo. Dakika tatu zinahesabika, dakika nne zinahesabika. Kwa mtu anayesubiri pasi ipate moto, hiyo ni habari njema.

Watu wakitaja faida za mazoezi ya nyumbani wanakimbilia pesa, kwamba hulipi jimu. Ni kweli, lakini kwetu Kigoma wangapi walikuwa wanalipa jimu? Faida kubwa mimi naiona kwa wagonjwa wangu: hayahitaji maandalizi. Huvai, husubiri kukuche, hakuna wa kukuuliza kama kuna msiba. Na mvua zetu zikianza Oktoba hadi zije kuisha mwezi wa nne au wa tano, anayetegemea barabara anapumzika nusu mwaka. Wa ndani hana habari nazo.

Anza hivi. Kila ukimaliza nguo moja, inuka kutoka kwenye kiti chako na ukae tena, mara 10, mikono kifuani, usishike meza. Kinakupa mapaja na kiuno. Kisha usogee ukutani, uweke viganja usawa wa mabega, miguu nyuma kidogo, ujisukume kama pushapu ya kusimama, mara 10. Jioni panda na kushuka kizingiti cha baraza dakika tatu, upumzike, urudie, mpaka wimbo ukatike. Uzito hununui. Dumu la lita 5 likijaa maji ni kilo 5. Likijaa mawese linapungua, kama kilo nne na nusu, maana mafuta ni mepesi kuliko maji, ndiyo maana yanaelea. Anza na lile la mawese.

Lingine, na hili wenye presha nawapa zaidi: egemeza mgongo ukutani, ushuke taratibu kama umekaa kwenye kiti ambacho hakipo, utulie hapo. Anza sekunde 20 hata 30, upumzike, urudie mara nne. Tafiti za miaka ya karibuni zimeonyesha kujikaza bila kusogea namna hii kunasaidia kushusha presha. Ila USIBANE PUMZI. Ukibana pumzi presha inaruka hapo hapo. Hesabu kwa sauti, huwezi kuhesabu ukiwa umebana.

Siku ukipima ukakuta 180 kwa 110 au zaidi, acha yote urudi kwa daktari. Kifua kikibana, au ukizungukwa na kizunguzungu, vivyo hivyo. Na miezi mitatu ikiisha akasema dawa, unywe dawa na mazoezi uendelee nayo. Hakuna kuchagua.

MigebukaMiwili:

Mtaalamu nakuheshimu, lakini hapa nakupinga. Mimi ni shahidi wa mazoezi ya nyumbani. Nilinunua mkeka, nikanunua kamba ya kuruka. Mkeka sasa hivi mtoto anaulalia mchana, kamba wife anaanikia nguo. Nyumbani kitanda kiko hatua mbili, simu iko mkononi, na hakuna wa kukuona ukidanganya hesabu. Nilikuwa nahesabu "nane, tisa, kumi" nikiwa nimefanya sita.

Jiunge na kundi la jogingi, mama. Unakumbuka mwishoni mwa 2016 Mama Samia, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alipohimiza watu watoke kufanya mazoezi kila Jumamosi ya pili ya mwezi? Mimi ndipo nilipoanza kutoka. Watu wakiwa wengi hakuna wa kukuuliza habari za msiba. Na ukilala, wanakuja kukugongea dirisha.

ViungoUjiji:

@MigebukaMiwili hujanipinga. Hilo la kujidanganya ni ugonjwa wa kweli na wengi wameshindwa hapo. Lakini Jumamosi moja kwa mwezi, presha ya siku 29 zilizobaki utaishusha na nini? Kamba pia ilikuwa kosa kwa kuanzia, inapiga magoti na inawaamsha majirani. Kiti hakianikiwi nguo.

MzeeWaGungu:

Marahaba fundi, na wengine wote marahaba.

Mimi nina miaka 71, mstaafu wa reli. Dawa ya uvivu niliipata kwenye redio. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku ikianza, nasimama. Mpaka iishe sikai. Natembea palepale nikiinua magoti, habari za michezo zikifika nasimama kwa mguu mmoja nikishika mlango, halafu mwingine. Mwanzoni nilikuwa nashika mlango kwa mikono miwili kama nang'ang'ania behewa. Sasa hivi kidole kimoja. Mke wangu alidhani nimerogwa, leo anasimama na yeye, ila hotuba za wabunge zikizidi urefu anakaa.

Usitafute muda, mwanangu, muda haupatikani. Ufunge kwenye kitu ambacho tayari unakifanya. Wewe una nguo za wateja, mimi nina redio. Na huyo kijana wa migebuka amfungie mkewe kamba nyingine ya nguo, ile arudishiwe.

FundiWaMwanga:

Nimerudi, ni wiki ya sita leo. Samahani kwa kimya, ni msimu wa sare.

Nilifuata la mtaalamu na la mzee kwa pamoja. Nguo ikiisha, kiti mara 10 na ukuta mara 10. Mwanzo wateja walishangaa, mmoja akauliza kama kiti kina msumari. Nikamweleza. Sasa akija kuchukua nguo na yeye anasimama-anakaa, na binti yangu wa kidato cha pili ndiye anayetuhesabia, kwa hiyo la kudanganya halipo. Siku ya nguo nane nakuwa nimesimama na kukaa mara 80 bila kujua. Ukutani nilianza sekunde 15, nikishuka miguu inatetemeka kama cherehani bovu. Sasa nafika 50.

Jana nilipima: 141 kwa 90. Daktari akasema tuendelee kuangalia, nisianze kujisifu. Mwili sijui umepungua kiasi gani, mzani wa pale umeharibika, ila nimejipima mwenyewe na futi kamba yangu: kiunoni imetoka inchi moja na nusu. Futi ya fundi haisemi uongo.

Tatizo nililonalo ni dumu. Nililiacha jikoni, wakaungia maharage, wakakaangia dagaa, na mama mkwe akamgawia jirani chupa moja. Jana nimelinyanyua nikaona nimekuwa na nguvu za ajabu. Kumbe limebaki chini ya nusu. Kuanzia leo naweka maji.