Re: Mtoto mwenye IEP na likizo ya Moshi

> Wapendwa, habari za huko mliko. Mwanangu ana usonji, ana miaka minane, yuko elimu maalumu hapa Ohio. Bibi yake anamtaka Marangu likizo yote, Juni hadi Agosti. Mwalimu amegusia masomo ya likizo ila hakueleza vizuri. Nikate tiketi?

Dada, salama. Tiketi isubiri kikao cha IEP, yaani ule mpango wa elimu aliotengenezewa mwanao peke yake.

Masomo hayo si hisani ya mwalimu. Kwa IDEA, sheria ya Marekani ya elimu ya watoto wenye ulemavu, timu ya IEP (na wewe mzazi umo) ikiona mtoto hawezi kupata elimu anayostahili bila huduma za likizo, wilaya ya shule inazitoa bure. Si tuisheni ya kumwahisha darasa linalofuata, ni kulinda malengo yaliyomo kwenye IEP yake. Mara nyingi kinachopimwa ni likizo inamrudisha nyuma kiasi gani, na inamchukua muda gani kufika tena alipokuwa. Kwa hiyo omba rekodi za Desemba kabla ya kufunga na za Januari baada ya kufungua, uingie nazo kikaoni. Ukiambiwa "sisi hutoa wiki nne kwa wote" au "hii ni ya ulemavu fulani tu", kanuni ya 300.106 ya sheria hiyo inakataza yote mawili. Wakikataa, dai sababu kwa maandishi. Na kama baba mtoto Kiingereza kinampiga chenga, mkalimani ni jukumu lao. Msimbebeshe kazi hiyo dada yake mtoto.

Sasa yule ndugu aliyeandika "mpeleke tu kwa bibi, atachangamka". Atachangamka kweli, sibishi. Lakini nyumba zetu mnazijua. Mtoto ambaye shuleni kafundishwa kuomba chakula kwa kuonyesha picha, huku kabla hajanyoosha mkono ameshaletewa ndizi, shangazi kamfunga viatu, binamu kamjibia swali. Wiki sita za mapenzi ya namna hiyo, na ile ya kuomba mwenyewe imepotea, maana hakuna aliyemwachia nafasi ya kuhitaji kitu. Mimi ningechagua malengo mawili tu ya IEP, niyaandike kwa Kiswahili cha kawaida, niyabandike jikoni kwa bibi: "Akitaka maji, msubiri aonyeshe picha. Hesabu hadi kumi kwanza." Bibi atanuna siku ya kwanza. Mweleze kwa heshima kwamba ni agizo la mwalimu. Mwalimu bado ana uzito kule mlimani.

Kama anatumia tableti kuongea, chapisha picha zilezile, steshenari yoyote hapa Moshi mjini watakuwekea plastiki. Umeme ukikatika asibaki bubu. Na Julai Marangu ni baridi na ukungu, kama hapendi sweta mwilini mzoeshe tangu huko.

Usitarajie wilaya ya Ohio ikulipie mtaalamu wa hapa. Ukihitaji ushauri wa tiba kwa vitendo (occupational therapy), pa kuanzia ni KCMC, hospitali ya rufaa hapa Moshi, wataalamu wa fani hiyo husomea hapo. Njoo na nakala ya IEP na ripoti za karibuni, usiseme utatumiwa kwa barua pepe.

Mimi ningesubiri masomo ya likizo yaishe ndipo nishuke KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, nikae wiki tatu, nirudi siku kadhaa kabla shule haijafungua ili usingizi wake ukae sawa. Ubaya wake ni kwamba binamu zake watakuwa darasani, maana shule za huku hupumzika Juni.

> Nipo Arusha, naongezea. Anayetaka mwalimu wa kukaa na mtoto saa moja kwa siku aulizie waliosomea elimu maalumu chuo cha Patandi, pale Tengeru. Bei mpatane kabla hajaanza, na mwambie mapema kwamba unataka yale malengo mawili, asikuletee vitabu vya darasa la pili.