Tupeane uzoefu: nani kashapanda treni na familia likizo ya skuli, kwenye milima na maziwa?

Mama wa Kikwajuni
Assalaam aleykum jamani. Skuli zinakaribia kufungwa na watoto wangu wameshachoka na Nungwi, ndio wamechoka, kila likizo bahari na bahari tunayo mlangoni. Mkubwa kaona video ya treni inapita ubavuni mwa mlima chini kuna ziwa, basi hatulali humu ndani. Mie treni sijapanda maisha yangu yote. Aliyepanda na watoto atueleze, asifiche kitu, hasa habari ya chakula na baridi.

Jirani wa Mbweni
Panda ile ya umeme Dar mpaka Dodoma, imeanza 2024, inakwenda 160 kwa saa. Boti ya asubuhi, mchana mpo ndani ya treni. Morogoro mnaiona milima ya Uluguru, watoto hawajamaliza kugombania dirisha mmeshafika.

Mtoto wa Mkoani
Na ziwa?

Jirani wa Mbweni
Ziwa hakuna yakhe, mwenzangu naye!

Bi Karafuu
Sie tulikwenda Mbeya kwa TAZARA mwaka 2018, mimi na mume wangu na watoto wanne, na sie watu wa Wete, kwa hiyo piga hesabu, boti mpaka Unguja, boti mpaka Dar, halafu usiku kucha na zaidi ndani ya treni. Kitu cha kwanza kujua, kwenye vyumba vya kulala wanaume na wanawake hawachanganywi, mpaka mnunue chumba kizima. Fasti klasi vitanda vinne, sekondi sita. Sie tulikuwa sita tukanunua sekondi chote, tukafunga mlango kama tupo kwetu.

Jioni tulipita mbugani, wanangu wakaona twiga kwa macho yao. Ukishapita Mlimba reli inaanza kupanda na mahandaki yanafuatana, likija moja giza, mwanangu wa mwisho anapiga bismillah kwa sauti, likija la pili tena bismillah, mpaka abiria wa chumba cha pili wakawa wanamuitikia.

Mbeya Julai kuna baridi, si mchezo. Mie nilibeba kanga nikijua zinatosha, nikaishia kununua masweta ya mtumba sokoni siku ile ile. Watoto walivoona moshi unatoka mdomoni wakafurahi, wanajifanya wavuta sigara.

Kutoka hapo tulichukua gari, Tukuyu, Kyela, mpaka Matema ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Milima ya Livingstone inaanguka moja kwa moja ndani ya maji, na mawimbi yapo, mchanga upo, mitumbwi ipo. Wangu wa tatu kakimbia kateka maji kwa kiganja kaonja, kageuka kanitazama: "Mama, mbona wamesahau chumvi?" Alikataa kuoga siku nzima, anasema haya si maji ya kuogea, ya kunywa haya.

Ila kabla ya kupanga ulizeni kwanza ratiba ya sasa, msiende kwa maneno yangu ya 2018.

Mwana wa Mchangani, Uingereza
Mimi niseme ya Uswisi. Mwaka juzi mama alikuja kututembelea, Julai, tukaenda naye na watoto watatu. Tikiti inaitwa Swiss Travel Pass, watoto wa miaka 6 mpaka 15 wanapanda bure pamoja na mzazi, unaomba kadi ya familia haina malipo, usije ukawalipia. Kilichobaki ni ghali wallahi, kuku na chipsi utataka kulia, sie tulipika wali kwenye nyumba ya kukodi tukatia kwenye makopo, na mama alikuja na vileja vyake. Maji usinunue, vijijini kuna mabomba ya mawe yanamwaga maji ya kunywa mchana na usiku.

Treni iliyotupendeza ni ya Luzern mpaka Interlaken, kama saa mbili. Inapanda mlima wa Brünig kwa meno, yaani katikati ya reli mbili kuna chuma cha meno, gurudumu linang'ata isiteleze, halafu inashuka kando ya ziwa la Brienz. Maji yake ni buluu ya kijani, kwa sababu barafu ya milimani inasaga mawe, unga wake ukaja mpaka ziwani. Mama akasema hii si Nungwi hii? Akavua viatu akatia mguu. Akautoa hapo hapo: "Astaghfirullah, friji!"

Siku ya pili tukapanda kutoka Lauterbrunnen, Wengen, mpaka Kleine Scheidegg, mita 2,061. Pale unabadilisha ya kwenda Jungfraujoch, mita 3,454, stesheni ya juu kuliko zote Ulaya, ipo tangu 1912. Mama akauliza nauli, nikamwambia, akagoma. Tukakaa majanini tukala wali wa nazi uliopoa, ng'ombe wanapita na kengele shingoni, na mie naona hiyo ndio ilikuwa safari yenyewe.

Kosa letu, kurudi tulichelewa dakika moja na kigari cha mtoto, mlango ukafungwa puani mwetu. Hakuna konda wa kumpigia kelele pale. Na magharibi Julai ni saa tatu usiku na kitu, watoto wanalala sahani mkononi.

Mzee wa Bububu
Nyie mnaitafuta treni mbali. Hapa hapa ilikuwepo, tangu 1905, Ngome Kongwe mpaka Bububu, maili 7 hivi, inapita vichochoroni mjini unaweza ukagusa ukuta wa mtu. Bibi yangu aliipanda.

Mtoto wa Mkoani
Na ziwa, mzee?

Mama wa Kikwajuni
Nimemsomea mume wangu yote. Kauliza kitu kimoja tu: sie watano, chumba vitanda sita, kitanda cha sita tunamlipia nani?

Bi Karafuu
Lipieni tu, mwanangu. Utaweka mabegi na ndoo ya maandazi.