Binti amepata chuo Dodoma: akae bwenini au apange chumba mtaani?

Mzazi wa Kondoa

Habari zenu ndugu. Binti yangu amedahiliwa katika chuo kikuu kimoja kidogo hapo Dodoma mjini. Barua ya udahili inaeleza kwamba wanafunzi wa mwaka wa kwanza hupewa kipaumbele cha bweni kwa ada ya shilingi 280,000 kwa mwaka, katika chumba cha watu sita chenye vitanda vya dabodeka. Yeye mwenyewe anapendelea kupanga chumba Nkuhungu pamoja na binti wa shangazi yake anayesoma chuo kingine, kwa maelezo kwamba bwenini hawaruhusiwi kupika, hakuna faragha na foleni ya maji haiishi. Chumba hicho, chenye choo cha nje, ni shilingi 60,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Wakigawana, kila mmoja atalipa 360,000 kwa mwaka, kwa hiyo tofauti inaonekana ndogo. Mimi ni mkulima wa alizeti. Sitaki kumlazimisha, wala sitaki kuamua kwa hofu tu. Naomba mnieleze: katika chuo kidogo kama hicho, bweni lina faida gani hasa kwa anayeanza?

Mhitimu wa Makulu

Shikamoo Mzee. Nilisoma chuo cha aina hiyo hapa Dodoma. Mwaka wa kwanza nilikaa bwenini, kisha nikahamia mtaani hadi nilipohitimu.

Kwanza, hesabu yako bado haijakamilika. Ongeza udalali, ambao kwa kawaida ni kodi ya mwezi mmoja, kisha kitanda, godoro, umeme, nauli ya daladala ya kila siku, na ile miezi ya likizo ndefu ambayo chumba hulipiwa huku kimefungwa kufuli. Kodi zenyewe hazijatulia tangu Serikali ihamie hapa. Kwa mujibu wa sensa, Jiji la Dodoma lilikuwa na watu takriban 411,000 mwaka 2012, na kufikia mwaka 2022 walikuwa wamezidi 765,000. Watumishi wenye mshahara wanatafuta vyumba katika mitaa ileile wanayoitafuta wanafunzi.

Hata hivyo, faida kubwa ya bweni katika chuo kidogo ni watu utakaoishi nao. Kozi moja inaweza kuwa na wanafunzi thelathini au arobaini tu, na katika chumba cha watu sita mara nyingi unamkuta wa mwaka wa pili au wa tatu aliyekwisha kufundishwa na mhadhiri wako, ana mitihani ya nyuma, na anajua ni kitabu gani kina nakala moja tu maktaba. Chumbani kwetu dada mmoja wa mwaka wa tatu alibandika nyuma ya mlango karatasi ya kanuni za takwimu alizoziandika kwa mkono, na kila aliyekwenda kuoga alizisoma atake asitake. Tuliokuwa wa mwaka wa kwanza tulifaulu somo lile kwa sababu ya karatasi hiyo, na hadi leo naweza kuzitaja kanuni zile kwa mpangilio wake.

Suala la maji ni la kweli, sitalificha. Ndoo zilipangwa bombani tangu alfajiri, kila moja ikiwa na jina la mwenyewe lililoandikwa kwa rangi ya kucha. Lakini asidhani kwamba mtaani ataikimbia shida hiyo. Mji huu ni mkavu, mvua zake ni za Desemba hadi Aprili, na kwa miaka mingi umetegemea visima vya Makutupora. Maji yakikatika, chuo chenye tenki kubwa hustahimili siku kadhaa, ilhali nyumba yenye pipa moja hukaukiwa siku ya pili na wapangaji huanza kununua maji kwa dumu.

Mwaka wa Tatu

Shikamoo Mzee. Maoni ya dada hapo juu nayaheshimu, ila amelieleza bweni linalosimamiwa vizuri. Bweni nililopangiwa mimi lilikuwa na kubebana: vitanda sita, watu tisa, kwa sababu kila aliyekosa nafasi alimfuata rafiki yake na wasimamizi walifumba macho. Choo kiliziba kila wiki, na kunguni walihama na magodoro kutoka chumba hadi chumba. Sikuweza kusoma wala kulala, na matokeo yangu ya muhula ule yalionyesha hivyo.

Tena kuna chakula. Fedha ya kujikimu ya Bodi ya Mikopo ni shilingi 10,000 kwa siku tangu mwaka wa masomo 2022/23, na hiyo hiyo ndiyo ya malazi. Anayenunua chai, chakula cha mchana na cha usiku kwa mama ntilie, siku zote saba za wiki, hubakiwa na kidogo sana. Sisi tunaopika wawili kwa mtungi mdogo wa gesi tunakula vizuri zaidi kwa pesa ndogo zaidi, na mboga ya majani tunainunua jioni sokoni inaposhuka bei.

Ushauri wangu ni kwamba usiamue kwa kusoma barua. Mwambie binti afike siku mbili tatu kabla ya usajili, aingie bwenini, ahesabu magodoro na kuyalinganisha na vitanda, kisha aulize wanaoishi humo choo kinafanya kazi tangu lini.

Mama Mpangishaji

Mzazi mwenzangu, mimi ninapangisha vyumba kwa wanafunzi, na ninaomba ulinde fedha yako hata kama utachagua mtaani. Usilipe miezi sita kwa neno la dalali. Onana na mwenye nyumba ana kwa ana, mwandikishane mkataba, na ukipata nafasi mpitie kwa mwenyekiti wa mtaa ili binti atambulike pale anapoishi. Andikeni humo kodi ya miezi ya likizo itakuwaje. Mimi huwapunguzia wanaorudi, lakini si kila mtu anafanya hivyo.

Uliza pia kuhusu LUKU, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla. Nyumba yenye wapangaji wengi kwenye mita moja huvuka uniti 75 kwa mwezi, kwa hiyo hainufaiki na bei nafuu ya matumizi madogo, na mwenye friji na mwenye balbu moja hugombana kila umeme unapoisha. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo nayo hukatwa humo humo kwenye LUKU. Hiyo ni kodi ya mwenye nyumba. Mpangaji akiilipa, anastahili kupunguziwa kwenye pango, na jambo hilo huwa wapangaji wengi hawaambiwi.

Mwisho, mabinti wawili wasipange nyumba isiyo na ukuta na taa ya nje. Kutoka maktaba saa tatu usiku na kutembea peke yako kwenye vichochoro si jambo la kujaribia.

Aliyekuwa Matroni

Nimesimamia bweni la wasichana kwa muda mrefu, na malalamiko ya Mwaka wa Tatu ni ya haki. Kubebana kunapovumiliwa, anayeumia ni yule aliyelipa. Katika chuo kidogo matroni anawajua wasichana wake kwa majina, hivyo hana sababu ya kutojua nani analala wapi. Binti akikuta hali hiyo amwandikie mshauri wa wanafunzi, na nakala aipeleke serikali ya wanafunzi. Barua hujibiwa haraka kuliko manung'uniko ya koridoni.

Kuhusu kupika, marufuku ile si ukali wa bure. Koili moja ya kuchemshia maji huvuta wati 1,000 hadi 2,000, yaani sawa na balbu mia moja hadi mia mbili za wati 10. Vyumba vinne vikichomeka kwa pamoja alfajiri, nyaya za jengo la zamani hupata moto ndani ya ukuta ambako hakuna anayeona.

Wapo niliowashauri wakae nje: mwenye mtoto mchanga, na mwenye maradhi yanayohitaji chakula maalumu. Kwa msichana mzima wa afya anayeingia mji asioujua, ningemwambia akae bwenini mwaka wa kwanza, kisha mwaka wa pili apange pamoja na wenzake wa chuo hicho hicho aliokwisha kuwajua tabia. Aje na chandarua, kufuli, ndoo yenye mfuniko na blanketi zito, kwani Juni na Julai Dodoma ina upepo na baridi ambayo wageni hawaitegemei.

Mzazi wa Kondoa

Nawashukuru sana. Nimemsomea binti majibu yote, naye amekubali bweni, kwa sharti kwamba akalikague kwanza. Nimebakiwa na swali moja: ada ya bweni inaweza kusubiri hadi fedha ya Bodi itoke?

Aliyekuwa Matroni

Usiitegemee, Mzee. Fedha ya kujikimu hutoka baada ya mwanafunzi kusajiliwa na kusaini, na wiki kadhaa zinaweza kupita. Vyuo vingi hugawa vitanda kwa waliokwisha kulipa, kwa hiyo tafuta angalau nusu ya ada kabla hajapanda basi, umpe na fedha ya chakula ya mwezi mmoja. Aende pia na barua ya kuomba kumalizia kwa awamu, iliyosainiwa na wewe mzazi.