Nebula ya Jabari inanitokea doa la kijivu na nyota zenye mikia, nakosea wapi?

Mgeni_wa_Anga:
Wakuu, habari za usiku. Huu ni usiku wa tatu nakesha kuiwinda ile nebula, wingu la gesi na vumbi, ya kwenye upanga wa kundi la nyota la Jabari (Orion), kando ya zile nyota tatu za mkanda. Kwa macho naiona vizuri tu, kidoa chenye ukungu. Nina kamera ya kawaida yenye sensa ndogo, lenzi ya milimita 200 f/4 na tripodi. Mota ya kufuatisha nyota sina. Naacha shata wazi sekunde 8, ISO 1600. Kinachotoka sasa: kila nyota imekuwa kijiti, nebula yenyewe moshi wa kijivu, na ile rangi nyekundu ninayoiona kwenye picha za wenzangu siipati hata ya dawa. Nimeshaanza kuchungulia bei za darubini. Ninunue?

MkeshaNyota:
Usinunue kitu kwanza. Kinachokuponza ni hizo sekunde 8. Nyota zilizo karibu na ikweta ya anga, na Jabari yupo hapo hapo, husogea sekunde 15 za tao (kipimo cha pembe, digrii moja ina 3,600) kila sekunde ya saa. Piseli za mikroni 4 kwenye lenzi ya 200 zinakupa kama sekunde 4 za tao kwa piseli. Kwa hiyo nyota yako imetembea piseli 30 kabla shata haijafunga. Ndicho hicho kijiti. Kuna kanuni ya 500 ya kukadiria sekunde unazoweza kuacha shata wazi: gawa 500 kwa urefu wa lenzi, kisha gawa kwa 1.5 ya sensa ndogo, unapata sekunde 1.7. Mimi siiamini, ni ya enzi za filamu. Kwa piseli za leo nyota itaburuzika piseli 6. Shuka hadi sekunde 1.

Mgeni_wa_Anga:
Sekunde 1? Si itakuwa giza totoro, mkuu?

MkeshaNyota:
Moja itakuwa giza, ndiyo. Piga 400. Zirundike ziwe picha moja kwa programu ya Siril au DeepSkyStacker, zote za bure. Picha 100 hupunguza chenga, zile punjepunje za picha ya gizani, mara 10, picha 400 mara 20, kwa hiyo ukitaka chenga zipungue nusu tena, idadi inabidi iwe mara nne. Na upige kwa RAW, yaani faili ghafi la kamera. JPEG ina ngazi 256 tu za mwanga kwa kila rangi, RAW ya biti 14 ina 16,384, na nebula imejificha kwenye zile za chini kabisa. Ukimaliza, funika lenzi upige kama 30 za giza bila kubadili mipangilio, programu izitumie kuondoa kasoro za sensa.

Kurunzi_Nyekundu:
Fokasi hamjamwambia. Ile alama ya ukomo kwenye pete ya lenzi usiitegemee. Elekeza kamera kwa Rijili au Shira, kuza skrini mara 10, zungusha pete polepole. Nyota itanywea mpaka iwe punje. Ukipitiliza inavimba tena, basi rudi nyuma kidogo. Hapo bandika selotepu, maana kiwiko kikigusa pete gizani usiku mzima umekwenda. Halafu, bila mota, nebula itavuka fremu yote kwa chini ya nusu saa, kwa hiyo kila baada ya dakika 5 irudishe katikati.

Haidrojeni656:
Rangi sasa. Wekundu ule ni haidrojeni inayong'aa kwenye nanomita 656, na kichujio kilicho mbele ya sensa ya kamera za kawaida kinaukata sehemu kubwa. Kitoe kwa fundi, utaona tofauti.

MkeshaNyota:
Haidrojeni, mbona unamtuma kwa fundi mapema hivyo? Kichwa cha Farasi, nebula nyingine hafifu ya Jabari, kitamsumbua bila hiyo kazi, nakubali, lakini nebula hii inang'aa mno. Henry Draper aliipiga mwaka 1880 kwa sahani ya kioo, dakika 51. Ya waridi ataipata.

Mgeni_wa_Anga:
Nimerudi. Nimepiga 612, wingu likapita, nikabakiwa na 480, yaani dakika 8 za mwanga. Nimerundika, nikafungua: nyeusi tii! Nikataka kulia. Nikavuta mwanga wa vivuli kidogo kidogo, bawa la kwanza likatokea, kisha la pili, la waridi kabisa, na nyota za katikati hazijaungua. Nimemwamsha mke wangu aje aone. Ila pembe za picha zina giza kama kivuli cha duara, na kuna madoa mawili yanayofanana na pete.

Kurunzi_Nyekundu:
Hongera! Pembe ni lenzi, pete ni vumbi kwenye sensa. Vaisha lenzi fulana nyeupe iliyonyooshwa vizuri, ielekeze kwenye skrini nyeupe ya kompyuta, piga 30, kisha programu itagawa picha yako kwa hizo na kivuli kitaondoka. Fokasi lazima iwe ileile ya jana, kwa hiyo selotepu usiibandue.

Mgeni_wa_Anga:
Bado ipo.