Mchungaji asiyeamini tena, imebaki miaka 4 kustaafu: naombeni ushauri

Njia Panda
Habari zenu, wanajukwaa. Mimi ni mchungaji mwenye miaka 27 ya utumishi, na ninaandika usiku kwa sababu mchana sina pa kuyasemea haya. Kwa takribani miaka 6 sasa siamini kwamba Yesu alifufuka katika mwili, wala siamini kwamba yupo anayesikia maombi ninayoyaongoza. Nimejaribu kurudi kule nilikokuwa, kwa kufunga, kwa kusoma na kwa kukesha, nikatoka mikono mitupu. Hakuna aliyenikosea na sina hasira na mtu. Swali langu ni hili: je, ni haki niendelee hadi nistaafu, ilhali kuwazika wafu, kukaa na wagonjwa na kuwapatanisha wanandoa ni kazi ninayoifanya kwa moyo wote? Nyumba ninayoishi ni ya kanisa, na sina taaluma nyingine.

Mama wa Kwaya
Pole sana, Baba Mchungaji. Usichanganye giza la roho na kutoamini. Barua za Mama Teresa zilizochapishwa mwaka 2007, miaka 10 baada ya kifo chake, zinaonyesha jinsi alivyoishi muda mrefu bila kuhisi uwepo wa Mungu, na hakuacha kazi. Mimi mwenyewe nilipofiwa na mume wangu niliimba sauti ya pili kwa miaka miwili bila kuhisi lolote, mpaka siku moja, katikati ya ubeti wa tatu, machozi yakanitoka nikajua kwamba nimerudi. Vumilia.

Nanga
Mkuu, kabla ya mambo ya roho, soma masharti ya ajira yako: kiinua mgongo kinahesabiwaje ukijiuzulu, na unapewa muda gani wa kuhama? Wapo wenzako wengi. Mwaka 2010 mwanafalsafa Daniel Dennett na mtafiti Linda LaScola walichapisha utafiti juu ya wachungaji 5 waliokuwa madhabahuni bila kuamini, na mwaka uliofuata ulianzishwa mtandao wa siri wa wachungaji wa namna hiyo, ukianza na watu 52. Shida kubwa ya wengi wao ni hiyo hiyo yako: mshahara, nyumba, na pengine mke asiyejua. Halafu, kwa utani kidogo, tukiwahoji wachungaji wote Jumatatu asubuhi wakiwa wamechoka, sidhani kama wangebaki wengi wa kuhubiri Jumapili.

Jiwe la Pembeni
Mimi sicheki. Waraka wa Yakobo unawaonya waalimu kwamba hukumu yao itakuwa kubwa zaidi. Mjane anayetoa sadaka yake anaamini kwamba anayemwombea anaamini, na wewe unaishi kwa sadaka hiyo. Ukweli huo haubadilishwi na upole wako kwa wagonjwa. Toka.

Msomi wa Pembezoni
Ndugu Njia Panda, umeishi hivi miaka 6 bila kumuuliza mtu. Ni jambo gani limetokea sasa hata ukaandika usiku huu?

Njia Panda
Nawashukuru nyote. Mama, ningefurahi kama lingekuwa giza, kwa maana aliye gizani bado anautafuta mlango, na mimi siutafuti tena. Ndugu Jiwe, sitoi ahadi nisizoweza kuzitetea: katika mazishi nasema habari za marehemu na za upendo wa waliobaki, na ninaposoma maneno ya ufufuo nayasoma kama urithi wa kanisa. Hata Gretta Vosper, mchungaji wa kanisa moja la Kanada aliyejitangaza waziwazi kuwa haamini, aliruhusiwa kubaki mwaka 2018 baada ya kuchunguzwa kwa muda mrefu. Hakuna jambo maalumu lililotokea. Ni uchovu tu.

Msomi wa Pembezoni
Vosper alibaki huku washarika wake wakijua. Wako hawajui. Nami bado sijajibiwa: kwa nini sasa?

Njia Panda
Mwanangu anabarikiwa kuwa mchungaji wiki tano zijazo. Ameniomba niwe mmoja wa watakaomwekea mikono na kunena andiko juu ya kichwa chake. Nimeshakubali, na jina langu limeshachapwa katika ratiba ya ibada. Msinielewe vibaya, sioni kosa katika kukubali, kwa kuwa kukataa kungehitaji maelezo, na maelezo yangemharibia siku aliyoisomea miaka mingi. Nimeandika barua ndefu, nimeifunga, nimeiweka mahali ambapo wataikuta nikifa. Naona hiyo ndiyo njia ya upendo.

Mama wa Kwaya
Ee Baba. Kwa nini hukuanza na hilo?

Msomi wa Pembezoni
Sasa tunaweza kuzungumza, maana swali lako kanisa liliwahi kulijibu. Mwanzoni mwa karne ya 4, huko Karthago, Afrika Kaskazini, Caecilianus aliwekwa kuwa askofu, na wapinzani wake wakadai kwamba uaskofu wake ni batili kwa sababu mmoja wa waliomwekea mikono, Felix wa Aptunga, aliwakabidhi watesi Maandiko wakati Kaisari Diocletianus wa Roma alipowatesa Wakristo. Sinodi ya Arles ya mwaka 314 ilikataa hoja hiyo. Baadaye Askofu Augustino alifundisha kwamba maji hupita katika mfereji wa jiwe yakafika bustanini, ingawa mfereji wenyewe hauoti kitu. Ungamo la Augsburg la 1530, ungamo la imani la Walutheri, linashika msimamo huo huo katika kifungu chake cha 8. Kwa hiyo huduma ya mwanao haitakuwa na kasoro kwa sababu ya mikono yako. Lakini fundisho hilo lilikusudiwa kumtuliza anayepokea. Halikuwekwa ili anayetoa apate pa kujificha.

Njia Panda
Nalijua fundisho hilo, nimelifundisha mwenyewe. Ila Felix alituhumiwa kwamba aliogopa, hakutuhumiwa kwamba haamini.

Mkweli Daima
Samahani, mimi nina wasiwasi kwamba tunachezewa. Jean Meslier, padri wa kijiji cha Étrépigny nchini Ufaransa, alihudumu miaka 40, na alipofariki mwaka 1729 zikakutwa nakala tatu za maandishi yake marefu ya kukana dini yote, ambayo mwandishi Voltaire alikuja kuchapisha dondoo zake mwaka 1762. Sasa huyu naye ana barua ya kusomwa akifa, ana majibu ya kisomi yaliyo tayari, na ana mtoto anayejitokeza kwa wakati ule ule ambao uzi unaanza kupoa. Ninaona mwandishi anayejaribu hadithi yake kwetu.

Nanga
Hata mimi nilijiuliza. Mtu mwenye siri ya namna hii huweka ratiba ya ibada hadharani?

Jiwe la Pembeni
Kama ni hadithi, basi ni kufuru mara mbili.

Njia Panda
Sina namna ya kuthibitisha bila kujitaja, na sitajitaja. Nitawaambia jambo moja ambalo sijamwambia mtu. Navaa kipaza sauti kidogo kinachobanwa kwenye kola, chenye swichi pembeni. Tunapofika kwenye Imani ya Mitume, naigeukia madhabahu pamoja na watu, nakizima kwa kidole gumba, na midomo yangu inaendelea. Nakiwasha tena baada ya amina. Mwanzoni nilikizima kwenye maneno ya ufufuo peke yake, ila mlio wa swichi ulisikika katikati ya sentensi, nikaamua kukizima tangu neno la kwanza. Swichi hiyo sasa imelika rangi upande wa juu. Ndugu Mkweli, kuhusu Meslier nilisoma habari zake nikiwa chuoni, na huenda ndiko nilikojifunza woga wa kusema baada ya kufa.

Fundi Mitambo
Huwa nasoma tu, leo nimejiunga ili niandike. Nimesimamia vyombo vya sauti kanisani kwa miaka 11. Mchungaji wetu wa zamani, aliyekwisha kustaafu, alikuwa akifanya hivyo hivyo. Taa yake kwenye meza yangu ilizimika kila tulipoanza kukiri imani, ikawaka tulipomaliza. Mara mbili za kwanza nilidhani ni betri, nikazibadilisha. Baada ya hapo nikaacha kubadilisha, nikawa naongeza sauti ya kwaya kidogo ili pengo lisisikike. Sikumwambia mtu, wala sikumuuliza yeye.

Njia Panda
Ulifanya hivyo muda gani?

Fundi Mitambo
Miaka mitatu na miezi kadhaa. Nilisema moyoni kwamba akitaka kusema atasema. Hakusema, na siku aliyoaga nilimpa mkono nikaona ananitazama kama mtu anayesubiri aulizwe. Najuta kwamba sikumuuliza. Mchungaji, mwanao amekaa kanisani mwako tangu utotoni, anaijua sauti yako kuliko mimi nilivyoijua ya mzee wetu. Una hakika hajalisikia pengo hilo?

Mkweli Daima
Nafuta niliyoyaandika. Samahani, Mchungaji.

Jiwe la Pembeni
Msimamo wangu juu ya sadaka ya mjane ni ule ule. Lakini kwa kijana huyo naomba uende wewe mwenyewe, usiipeleke barua.

Njia Panda
Sina hakika, Fundi. Mwaka jana tukiwa mezani aliniuliza kwa nini siku hizi sauti yangu haisikiki wakati wa kukiri imani, nikamjibu kwamba kifua kinanisumbua. Alikaa kimya, akaninyoshea glasi ya maji. Nilikuwa nimelisahau hilo hadi niliposoma maneno yako.

Jumamosi anakuja ili tuchague andiko. Mama yake atakuwepo pia, na yeye hajui lolote. Barua nimeitoa pale nilipoificha, iko mbele yangu hapa, kurasa 14. Naisoma upya, na naona kwamba nimemwandikia askofu. Jina la mwanangu halimo hata mara moja.