Mrejesho: mabomba na nyaya kugongana kwenye jengo

Wakuu, niliwauliza nifanyeje mafundi bomba na mafundi umeme waache kugombania nafasi juu ya dari, kila mmoja akidai mwenzake kamwingilia. Asanteni sana! Nilifuata ushauri wa kuunganisha michoro yote katika modeli moja ya 3D, kwa faili za IFC (aina ya faili za majengo zinazosomwa na programu tofauti za uchoraji), kabla ya kumwaga zege. Tukakuta bomba la maji taka linapita katikati ya boriti. Tulilihamisha kwenye kompyuta, wote wakiangalia, na hakuna kilichobomolewa. Nilifurahi mno. Ila madai ya malipo ya ziada bado yapo: mkataba haukusema modeli ikipingana na michoro ya karatasi, kipi kifuatwe. Hilo liandikeni kabla ya kusaini.