Shujaa wangu amechorwa kwenye ukuta wa kinyozi bila mimi kuulizwa, nifanye nini?

Kaponya_wa_Kenya (Lubumbashi):
Jambo yenu wote. Mambo ni mawili na yameshikana, nivumilieni.

Ninachora manga, hadithi za picha za mtindo wa Kijapani, hapa Lubumbashi, Kongo, kwenye komini (mtaa) inayoitwa Kenya. Kinachonilisha ni Naruto, Luffy na Goku, mashujaa wa manga za Japani: watoto wa shule wananiletea kaye (daftari) niwapambie jalada, vijana wanaleta tisheti, na mwenye duka la simu pale Kamalondo alitaka Luffy mzima mlangoni, meno yote nje. Hiyo kazi sina shida nayo.

Changu mwenyewe ni Mukuba. Ni binti wa mchimbaji, amevaa kofia ya mgodini inayomshukia hadi kwenye nyusi, na silaha yake ni msalaba wa shaba, ile misalaba ya zamani ambayo wazee wetu walilipia mahari. Anaurusha, unazunguka, unamrudia mkononi. Kwenye sura ya pili aliupiga kwenye mlango wa chuma, ncha moja ikakatika. Tangu hapo ninauchora hivyo hivyo, umekatika.

Juzi kati rafiki ananitumia picha: Mukuba yuko Katuba, ukuta mzima wa kinyozi, rangi ya mafuta. Nikaenda kuona kwa macho yangu. Ni yeye. Ncha ya msalaba imekatika pale pale, kwa mshazari ule ule, na hakuna anayejua kwa nini imekatika isipokuwa aliyesoma sura ya pili. Chini kulia kuna jina la mchoraji mwingine na namba yake ya simu.

La pili: shule moja imenialika kutundika kurasa zangu siku yao ya utamaduni. Msimamizi wao ameziona na kusema ukurasa wa 14 utoke, la sivyo nisije. Ni ule ambao mlinzi wa mgodi anampiga teke mchimbaji na kumnyang'anya gunia. Aliomba pia Mukuba avalishwe sketi badala ya suruali, hapo nilicheka tu.

Kwa huyo mchoraji niende? Nikienda, nianze na maneno gani? Na ukurasa wa 14, mngekuwa mimi mngeutoa?

Nyota_ya_Kadutu (Bukavu):
Kabla ya ushauri, swali dogo ndugu yangu. Yule Luffy wa mlango wa duka la simu, ruhusa ulimwomba nani?

Kaponya_wa_Kenya:
Nililitegemea, dada. Jibu langu ni hili. Anayepita mbele ya lile duka anajua Luffy ni wa Eiichiro Oda wa Japani, hata mtoto wa miaka sita anajua. Sikuandika popote kwamba nimemzaa mimi. Anayepita Katuba anaona Mukuba na chini yake jina la mtu mwingine, anaondoka akiamini Mukuba ni wa yule jamaa. Kesho nikitoa sura ya tatu nitaambiwa nimemwiga mchoraji wa kinyozi! Ndicho kinachoniuma, wala sijataja pesa.

Nyota_ya_Kadutu:
Pesa usiitaje sana basi, maana na wewe Luffy hukumchora bure. Lakini la jina nimekuelewa.

Mzee_wa_Ruashi (Lubumbashi):
Kadogo, sikia mukubwa wako kidogo, nitakuwa murefu.

Miaka ya 70 nilikuwa mutoto. Kwa nyumba ya kila mutu mwenye mushahara kulikuwa picha kwa ukuta, imechorwa juu ya kitambaa cha gunia ya unga. Picha zenyewe zilikuwa zile zile: Mamba Muntu, ule mwanamuke nusu samaki, na nyoka yake. Simba anamufukuza mutu, mutu anapanda muti, na kule juu kuna nyoka. Na ingine ndiyo iliyokuwa na nguvu kuliko zote, Colonie belge: gereza, bendera ya Wabelgiji, mufungwa amelazwa chini matako wazi, askari mweusi anamuchapa fimbo, na muzungu amesimama pembeni anaangalia.

Sasa nani alikuwa wa kwanza kuchora Colonie belge? Hakuna aliyeuliza. Muchoraji alifanya moja, jirani akaiona akasema "na miye nataka ya vile", akafanya ingine, na wenzake wakafanya za kwao. Hakuna aliyeitwa mwizi. Picha ilikuwa ya wote, sababu mambo yenyewe yalipata baba za wote.

Lakini angalia vizuri. Kila moja ilikuwa na jina kwa mbele, kubwa, ya kusomeka toka mulangoni. Tshibumba Kanda Matulu, huyu huyu wa hapa kwetu, 1973 na 1974 alichorea mutafiti Johannes Fabian historia nzima ya inchi, picha 101, na walizungumza juu yake kwa Kiswahili chetu. Muko mambo ambayo wengine walishachora mara mingi. Alitia jina. Kuiga haikuwa haya, kuficha mukono ndiyo ilikuwa haya.

Kwa hiyo huyu wa Katuba hajaiba kwa kuchora. Ameiba pale alipoweka jina lake peke yake. Uende kumwambia hiyo, na umwambie polepole.

Na ya ukurasa wa 14, minacheka. Mutu mwenye nguvu anapiga mutu asiye na nguvu, mwenye mali hayuko mbali: hiyo si Colonie belge? Tulikula chini yake kila siku, bibi zetu waliipangusa vumbi. Leo shule inaogopa.

Nusu_Wakili (Lubumbashi):
Heshima kwa mukubwa. Mimi naongeza la sheria tu. Sheria namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986 inasema mtunzi ana haki juu ya kazi yake kwa sababu tu ameiumba, hana haja ya kuisajili kwanza. Kwa hiyo Mukuba ni wako tangu siku wino ulipokauka. Kuna pia SOCODA, shirika la haki za watunzi, ipo tangu 2011.

Lakini kesi kwa ajili ya ukuta wa kinyozi? Wakili atakula kuliko bei ya ukuta wenyewe. Na ukifungua mlango huo, jua kwamba Kongo na Japani zote zimo kwenye Mkataba wa Berne, ambao nchi zinalinda kazi za watunzi wa nchi wenzake, kwa hiyo Oda naye analindwa hapa. Sidhani kama angekuja Kamalondo, ila hakimu anaweza kukuuliza swali la Nyota.

Cha maana: tunza michoro ya penseli, yote, hata iliyochafuka. Kila ukurasa ukiisha, mtumie mtu kwa simu ili tarehe ibaki.

Himbi_Otaku (Goma):
Kuna jambo moja hamjaligusa. Kuiga mtindo, kuchora mhusika wa mtu, na kufuatisha mistari ya mtu juu ya karatasi ni vitu vitatu tofauti, na huko manga ilikozaliwa kila kimoja kina hukumu yake.

Mtindo hauna mwenyewe. Osamu Tezuka mwenyewe, wanayemwita mungu wa manga, macho makubwa yale aliyachota kwa Disney, na aliitazama filamu yao ya Bambi mpaka wenzake wakamshangaa. Wahusika wa watu: tangu Desemba 1975 kuna soko la Comiket kule Tokyo, mashabiki wanauza vitabu vyao wenyewe vyenye wahusika wa wengine, na wachapishaji kwa kawaida wanafumba macho. Wengi waliokuja kuwa wachoraji wakubwa walianzia huko.

Kufuatisha mistari sasa, hapo hawacheki na mtu. Mwaka 2005 wasomaji walilinganisha kurasa za mchoraji Yuki Suetsugu na za Slam Dunk, manga ya mpira wa kikapu ya Takehiko Inoue, wakakuta mikao ya wachezaji imechukuliwa mzima mzima. Kodansha, wachapishaji wake, wakaondoa vitabu vyake sokoni. Si kitabu kimoja, vyote. Miaka miwili baadaye alirudi na Chihayafuru, na 2009 ikachukua tuzo ya Manga Taisho. Alirudi kwa mistari yake.

Kwa hiyo bro, chukua picha ya ukuta na ukurasa wako, viweke kimoja juu ya kingine kwenye simu. Kama mistari inalala pamoja mpaka mikunjo ya nguo, huyo hakuiga, amepiga fotokopi kwa brashi. Maneno ya kumwambia yatabadilika.

Msasani_Rangi (Dar es Salaam):
Salaam kutoka huku. Sisi tulishapita hapo na picha za Tingatinga. Mzee Edward Saidi Tingatinga alifariki 1972, ndugu na wanafunzi wakaendeleza, leo kila duka la watalii lina chui yule yule. Kuna wanaochora vizuri mno na hujui majina yao, mtalii anasema tu "nimenunua tingatinga". Kaka, pigania jina mapema, baadaye ni kazi bure.

Mwalimu_Kampemba (Lubumbashi):
Mimi ni mwalimu, si wa hiyo shule. Niseme upande wa pili kidogo kabla hamjawatupia mawe.

Mwaliko kama huo unahudhuriwa na wazazi. Darasani mwangu nina mtoto ambaye baba yake analinda mgodi, na dawati la pili yupo ambaye kaka yake anachimba. Mkurugenzi hawazi sanaa, anawaza Jumatatu asubuhi nani atakuwa ofisini kwake. Hiyo ni hofu, lakini si hofu ya kijinga.

Pamoja na hayo, nisingekubali ufichwe. Angalia yaliyompata Gen wa Hiroshima, manga ya Keiji Nakazawa ambaye aliliona bomu kwa macho yake akiwa mtoto. Desemba 2012 idara ya elimu ya mji wa Matsue, Japani, iliagiza shule zivifungie vitabu hivyo, mtoto asivichukue rafuni mwenyewe, kwa sababu vina picha za ukatili. Agosti 2013, baada ya watu kupiga kelele nchi nzima, agizo likafutwa. Na wengi waliokuwa hawakijui wakaenda kukinunua.

Ushauri wangu: usibishane. Wakisema 14 itoke, itoe. Lakini namba za kurasa usizibadilishe hata kidogo. Tundika 13, halafu 15. Watoto wanajua kuhesabu. Na kitabu kizima cha fotokopi kiwe mkononi mwa rafiki yako, nje ya geti, ambako mkurugenzi hana mamlaka.

Himbi_Otaku:
Mwalimu wewe ni hatari 😂

Nyota_ya_Kadutu:
Mimi ningekataa kwenda kabisa. Leo ukurasa, kesho suruali, keshokutwa watamwambia Mukuba aimbe kwaya. Wamarekani walimnyang'anya Sanji, mwenzake Luffy, sigara wakampa peremende mdomoni, mpaka leo tunawacheka.

Mwalimu_Kampemba:
Mama, akikataa kwenda, watoto mia kadhaa hawataona hata hizo kurasa nyingine. Ya suruali nakuunga mkono, hapo asikubali.

Kaponya_wa_Kenya:
Nimerudi. Aksanti wote, na mukubwa wa Ruashi aksanti zaidi.

Nilienda Katuba Jumamosi. Kwanza nilifanya ya Himbi: mikunjo ya koti inalala pamoja, kofia inalala pamoja, mkono wa kushoto hapana, huo aliuchora mwenyewe na, niseme kweli, ni mzuri kuliko wangu. Jamaa ni mkubwa kwangu kwa umri, amechora mabango ya biashara maisha yake yote. Nilimsalimia, nikaomba kiti, nikatoa sura ya pili kwenye mfuko, nikaifungua kwenye ukurasa ambapo ncha inakatika. Akaangalia kurasa, akaangalia ukuta. Akasema kinyozi ndiye aliyemletea picha kwenye simu, "nichoree huyu", na yeye aliichukua kama picha yoyote ya kwenye simu, ya mchezaji mpira au ya mwanamuziki. Akauliza: "Kumbe iko na hadithi?"

Mwisho wake: ukuta unabaki. Juu, kwa herufi kubwa, ataandika "Mukuba" na jina langu la uchoraji, namba yake ya simu inabaki chini kwa sababu brashi ilikuwa yake. Pesa hakuna. Alitaka pia kunilipa soda, nikakubali.

Shule: nitaenda kwa mtindo wa Mwalimu. Suruali inabaki, msimamizi alinung'unika, akanyamaza.

Nusu_Wakili:
Bila pesa? Angalau ungemwomba ukuta unaofuata mfanye pamoja, mgawane.

Kaponya_wa_Kenya:
Amenipa kazi ya sebule ya mtu Jumanne ijayo, nichore mimi, rangi yake. Mteja anataka Mamba Muntu 😂 Mukubwa wa Ruashi, unatuona?

Mzee_wa_Ruashi:
Minaona. Nyoka apitie kwa shingo, si kwa mukono. Wengi wanakosea pale.

Nyota_ya_Kadutu:
Sasa hiyo sura ya kwanza na ya pili sisi wa Bukavu tunaipataje? Usiniambie nipande ndege. Nitumie faili, nina rafiki mwenye mashine ya fotokopi karibu na soko la Kadutu. Natoa nakala 20, gharama za karatasi naondoa, kinachobaki nusu kwa nusu.

Kaponya_wa_Kenya:
Nimekubali. Nakutumia usiku umeme ukirudi. Karatasi iwe ya gramu 80 tafadhali, ile nyepesi weusi unapenya upande wa pili na nyuso hazionekani.